Kwenda ili Kurudi: Historia ya Safari za Maili

Miongoni mwa desturi zilizozaliwa na usafiri wa anga katika robo ya mwisho ya karne ya 20, ni chache zinazomshangaza mtu wa nje kama ile ambayo Wamarekani waliiita safari ya maili, yaani safari ambayo abiria huifanya si kwa sababu ana jambo la kutimiza anakokwenda, bali kwa sababu umbali atakaosafiri utaandikwa katika hesabu yake kwenye shirika la ndege na kumwezesha kubaki katika kundi la wateja wanaoheshimiwa. Abiria wa namna hiyo aliondoka alfajiri, akavuka bara zima, akakaa saa moja au mbili katika kiwanja cha ndege cha mji asiokuwa na haja nao, kisha akarudi kwa ndege iliyofuata, na pengine kwa ndege ileile iliyomleta, akihudumiwa na wahudumu walewale waliomuaga muda mfupi uliopita. Wengi walioieleza desturi hiyo wameifanya kichekesho, au maradhi ya watu wenye fedha wasiojua pa kuzipeleka. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa msafiri wa maili alikuwa mtu wa kuhesabu senti, na alichokifanya kilitokana na mwanya halisi uliokuwapo kati ya vipimo viwili, kimoja kikiwa kile ambacho mashirika yalikitumia kupanga nauli, na cha pili kile ambacho mashirika hayohayo yalikitumia kupima uaminifu wa mteja.

Mwanya huo haukuwapo tangu awali. Kwa miongo minne, kuanzia sheria ya mwaka 1938, nauli za ndege za ndani ya Marekani zilikuwa chini ya bodi ya serikali ya usafiri wa anga, ambayo ndiyo iliyoamua shirika gani liruke njia ipi na kwa bei gani. Katika miaka ya 1970, baada ya uchunguzi mrefu wa gharama za mashirika, bodi hiyo ilipanga nauli kwa kanuni ya wazi: kiasi maalumu cha kila tiketi, kikijumlishwa na kiwango cha kila maili, kiwango ambacho kilipungua kidogo kadiri safari ilivyorefuka. Chini ya utaratibu huo maili na dola zilikwenda bega kwa bega, na abiria aliyesafiri mbali zaidi ndiye aliyelipa zaidi. Kwa vile mashirika hayakuruhusiwa kushindana kwa bei, yalishindana kwa chakula, upana wa viti na wingi wa safari, hata baadhi ya ndege kubwa zikawekewa baa na piano.

Tarehe 24 Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuondoa udhibiti huo, na bodi yenyewe ikafungwa mwishoni mwa mwaka 1984. Matokeo yake yalikuwa kwamba nauli iliachana na umbali. Kiti cha safari fupi kuelekea mji unaohudumiwa na shirika moja tu kiliweza kugharimu mara mbili ya kiti cha safari ya kuvuka bara, ambako mashirika manne yalikuwa yakigombania abiria; na ndani ya ndege moja, watu waliokaa safu moja walikuwa wamelipa bei tofauti kabisa kwa kutegemea siku waliyonunua tiketi na masharti waliyokubali. Sharti lililokuwa mashuhuri kuliko yote lilimtaka mwenye tiketi nafuu alale huko aendako usiku wa Jumamosi, kwa hoja kwamba mtu wa biashara, ambaye mwajiri wake ndiye mlipaji, asingekubali kukosa wikiendi ya nyumbani kwake kwa ajili ya kuokoa fedha zisizo zake. Upangaji wa bei za namna hiyo usingewezekana bila kompyuta, na hapo ndipo ulipojitokeza umuhimu wa Sabre, mtambo wa kuhifadhi nafasi ambao American Airlines iliuunda pamoja na kampuni ya IBM na ambao ulianza kufanya kazi kwa ukamilifu katika miaka ya 1960.

Sabre haikutumika kupanga bei tu, bali ilikuwa pia na kumbukumbu za watu. Robert Crandall, aliyekuwa akisimamia masoko ya American kabla ya kuwa rais wa shirika hilo, na wenzake walitaka kuwajua abiria wanaosafiri mara kwa mara, na njia waliyoitumia ilikuwa kupekua kumbukumbu za mtambo ili kuona nambari za simu zilizojirudia katika maombi ya nafasi. Watu waliopatikana kwa njia hiyo ndio walioandikishwa kuwa wanachama wa kwanza wa AAdvantage, mpango uliozinduliwa tarehe 1 Mei 1981, ambao ulimhesabia kila mwanachama maili alizosafiri na kumpa tiketi ya bure au kiti cha daraja la juu alipofikisha kiasi fulani. United ilijibu kwa mpango wake ndani ya siku chache, nazo Delta na TWA zikafuata kabla ya mwaka kwisha. Wazo lenyewe halikuwa geni, maana Texas International ilikuwa imejaribu mpango wa aina hiyo mwaka 1979, na kabla ya ndege zote hizo, kampuni ya Sperry & Hutchinson ilikuwa ikitoa tangu mwaka 1896 stempu za kijani ambazo akina mama wa nyumbani walizipata madukani, wakazibandika katika vijitabu na kuvibadilisha kwa vyombo vya nyumbani. Tofauti ilikuwa moja, nayo ndiyo iliyoupa mpango wa ndege nguvu zake: mnunuzi wa sukari alilipa kwa fedha zake na kupata stempu zake, ilhali msafiri wa biashara alilipiwa tiketi na kampuni lakini maili zikaingia katika hesabu yake binafsi. Jinsi jambo hilo lilivyo na utata ilidhihirika Ujerumani mwaka 2002, wakati wanasiasa Cem Özdemir na Gregor Gysi walipojiuzulu nyadhifa zao kwa kutumia katika safari binafsi maili walizozipata wakiwa katika kazi za umma.

Inaelekea maili ilichaguliwa kuwa kipimo kwa sababu ilikuwa imeshazoeleka; vitabu vya nauli vilikuwa vimejaa hesabu za umbali tangu enzi ya bodi, na abiria hakuhitaji kufundishwa maana yake. Lakini kwa uchaguzi huo mashirika yaliirudisha kwa mlango wa nyuma kanuni ambayo sheria ya 1978 ilikuwa imeitoa kwa mlango wa mbele. Bei zilikwenda njia yake, na heshima ikabaki kupimwa kwa kipimo cha zamani.

Heshima hiyo ilipangwa kwa ngazi. Pamoja na maili za kutumia, ambazo mwanachama alizibadilisha kwa tiketi, kulikuwa na hesabu ya pili ya maili za kupatia hadhi, ambazo hazikununua kitu chochote bali zilijumlishwa kuanzia Januari hadi Desemba ili kuamua mwanachama atakuwa nani mwaka unaofuata. Katika mpangilio uliodumu muda mrefu kwenye mashirika makubwa ya Marekani, maili 25,000 kwa mwaka zilifungua ngazi ya chini, 50,000 ngazi ya kati, na 100,000, au zaidi kidogo, zikafungua ile ya juu. Mwenye hadhi alipanda ndege kabla ya wengine, hakulipia mizigo, alipokewa simu na mhudumu mzoefu pale theluji ilipofunga viwanja, na zaidi ya yote aliwekwa katika foleni ya kupandishwa daraja la kwanza bila malipo iwapo viti vilibaki. Foleni hiyo baadaye ilikuja kuonyeshwa hadharani: kwenye kioo karibu na lango la kuondokea ziliandikwa herufi tatu za kwanza za jina la ukoo la kila mwenye kungoja, kwa mpangilio wa ngazi zao, na abiria wakasimama chini yake wakitazama majina yakipanda na kushuka kama wanafunzi mbele ya ubao wa matokeo.

Ilipofika tarehe 31 Desemba hesabu ilirudishwa sifuri. Methali ya mgeni anayekirimiwa siku mbili na kupewa jembe siku ya tatu inafaa hapa kwa ukamilifu, kwa kuwa shirika lilimkirimu mteja mwaka mzima na kisha likamtaka akalime upya. Msafiri aliyefika Novemba akiwa na maili 43,000 alikuwa amebakiza 7,000 kufika ngazi ya kati, na kama kazi yake haikuwa na safari nyingine mwaka huo, alikuwa na uamuzi wa kufanya. Safari ya maili ilizaliwa katika wiki hizo za mwisho wa mwaka, ambazo kwa bahati njema zilikuwa pia, kabla ya pilikapilika za Krismasi, majira ya viti vitupu na nauli za chini.

Hesabu yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Kutoka Boston hadi Los Angeles, kwa njia ya moja kwa moja, ni maili 2,611, yaani maili 5,222 kwenda na kurudi, kiasi ambacho hakimtoshi mwenye upungufu wa 7,000. Kanuni za nauli, hata hivyo, kwa kawaida ziliorodhesha miji ambayo abiria aliruhusiwa kubadilishia ndege bila kuongeza malipo, na iwapo Miami ilikuwamo katika orodha hiyo, mambo yalibadilika: Boston hadi Miami ni maili 1,258, na Miami hadi Los Angeles ni 2,342, kwa hiyo safari ileile ikawa ya maili 7,200. Tuseme nauli ilikuwa dola 216. Ukigawanya unapata senti tatu kwa kila maili, na hesabu hiyo ya senti kwa maili ndiyo iliyokuwa mizani ya wasafiri wote wa aina hii, waliyoitaja kama wachuuzi wanavyotaja bei ya kilo. Msafiri wa kawaida angeiona Miami kuwa usumbufu wa kuzunguka bure, lakini kwa msafiri wa maili mzunguko ndio uliokuwa bidhaa, na ndege ya moja kwa moja ndiyo iliyokuwa hasara. Baadhi ya mashirika yalihesabu pia kila ruko fupi kuwa la maili 500 hata kama halikufika 150, jambo lililowafanya wengine wakusanye vipande vifupi vifupi badala ya virefu.

Kuzipata nauli hizo kulihitaji ujuzi. Mwanzoni ulikuwa ni ujuzi wa mawakala wa tiketi peke yao, waliozisoma kanuni katika vifupisho visivyosomeka kwa mtu wa kawaida. Lakini kampuni ya ITA Software, iliyoanzishwa mwaka 1996 na watu waliotoka katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, iliweka kwenye intaneti zana ya kutafutia nauli ambayo ilimwezesha yeyote mwenye subira kuamuru safari ipitie mji gani na kwa tiketi ya aina gani. Google iliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 700, ununuzi uliokamilika mwaka 2011. Ni wazi kwamba bei hiyo haikulipwa kwa ajili ya wasafiri wa maili, ila wao walikuwa miongoni mwa waliokijua chombo hicho kabla ya umma.

Katika miaka hiyo kilitokea kisa kimoja ambacho husimuliwa kama kituko, lakini ambacho kwa mtazamo wa historia kilikuwa dalili. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California aligundua kwamba maili zilizoahidiwa na kampuni ya vyakula ya Healthy Choice kwa kila lebo zilikuwa na thamani kubwa kuliko bei ya vikopo vya pudini, vitamutamu laini vya maziwa, vilivyobandikwa lebo hizo. Alinunua vikopo 12,150 kwa dola 3,140 hivi, akavitoa vingi kwa mashirika ya misaada ambayo watu wake walimsaidia kubandua lebo, na akajipatia maili zaidi ya 1,250,000. Filamu ya Paul Thomas Anderson, Punch-Drunk Love, ya mwaka 2002, iliazima kisa hicho. Linalosahauliwa ni kwamba American ilikuwa ikitoa hadhi ya maisha kwa mwanachama aliyefikisha maili 1,000,000 za asili yoyote, kwa hiyo mhandisi huyo alipanda ngazi ambayo wengine waliipanda kwa kulala viwanjani, naye alianzia kwenye rafu za duka.

Japani ndiko desturi hii ilikopata adabu na msamiati wake kamili. Wajapani waliiita shugyo, neno la mafunzo magumu ambayo mtawa wa Kibuddha huyapitia ili kujisafisha nafsi, na wenye kuifanya wakajiita watawa, kwa utani usiokosa ukweli. Chanzo chake kilikuwa mpango wa pekee uliowekwa na mashirika ya ANA na JAL: aliyefika ngazi maalumu katika mwaka mmoja aliruhusiwa kuomba kadi ya benki ya kundi la ndani, na kwa muda wote aliolipa ada ya kadi hiyo, manufaa makuu ya hadhi yake hayakumtoka hata kama hakupanda ndege tena. Taabu ya mwaka mmoja ilinunua raha ya miaka, na hivyo tofauti na Mmarekani aliyelima shamba lilelile kila Desemba, Mjapani alijifunga kibwebwe mara moja tu. Njia iliyopendwa zaidi ilikuwa kati ya Haneda, Tokyo, na Naha katika kisiwa cha Okinawa, umbali wa maili 984. ANA ilizidisha maili za safari za ndani mara mbili, ikaongeza robo kwa waliokaa daraja la mbele na kuwapa nyongeza ya pointi 400, hivyo kila ruko likatoa pointi 2,860, na kwa kuwa ngazi iliyotafutwa ilihitaji pointi 50,000, maruko kumi na nane, yaani kwenda na kurudi mara tisa, yalitosha. Kuna waliofika Naha, wakatoka katika ndege, wakazunguka na kuingia tena katika ndege hiyohiyo ili kurudi Tokyo. Tendo hilo liliitwa kugusa Naha, nalo halikuacha muda wa kuiona bahari ambayo watalii wengine walikuwa wameifuata.

Ulaya ilikuwa na vipimo vyake. British Airways ilihesabu pointi za ngazi badala ya maili, ikidai 600 kwa hadhi ya fedha na 1,500 kwa ile ya dhahabu, na kwa kuwa daraja la biashara lilitoa pointi nyingi, Waingereza walizoea kwanza kuvuka kwenda mji kama Dublin ili waanzie huko safari ambayo ingewagharimu zaidi kama wangeianzia London. Mwaka 2018 mpango wa Flying Blue wa Air France na KLM, ambao wakati huo ndio pia uliokuwa mpango wa abiria wa Kenya Airways kabla shirika hilo halijaanzisha mpango wake wa Asante, uliacha maili za hadhi na kuleta pointi zinazotolewa kwa kila ruko kulingana na tabaka la umbali. Kwa abiria wa Nairobi maana yake ilikuwa kwamba ndege ya moja kwa moja hadi London, katika daraja la kawaida, ilimpa pointi 10, ilhali aliyepitia Amsterdam alipata 10 za ruko la kwanza na 5 za ruko la pili. Mzunguko uliendelea kulipa, ingawa kwa sarafu nyingine.

Mashirika, kwa upande wao, hayakuwahi kukubali kwamba maili ni mali ya mteja, na mahakama za Marekani ziliyaunga mkono kwa kiasi kikubwa. American ilipobana masharti ya kutumia maili mwaka 1988, ikiyahusisha hata na maili zilizokwisha kukusanywa, wanachama waliishtaki, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1995 kwamba wangeweza kudai utekelezaji wa ahadi zilizomo katika mkataba lakini si kutumia sheria za majimbo za kumlinda mlaji. Mwaka 2014 mahakama hiyo ilitoa uamuzi kuhusu dai la rabi mmoja wa Minnesota, mwenye hadhi ya juu katika shirika la Northwest, aliyefutiwa uanachama mwaka 2008 kwa hoja kwamba alilalamika mno, naye alilipwa fidia zaidi ya mara moja kabla ya kufutwa. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba dai lake la kutotendewa kwa nia njema lilizuiwa na sheria ya mwaka 1978. Sheria iliyotenganisha nauli na umbali, na kwa hiyo ikaufungua mwanya wote huu, ndiyo iliyokuwa pia ngao ya mashirika dhidi ya wale walioingia ndani yake.

Lawama nyingine zilitoka nje ya viwanja. Norway ilipiga marufuku mwaka 2002 utoaji wa pointi katika safari za ndani kwa sababu za ushindani wa biashara, marufuku iliyoondolewa mwaka 2013. Na mwaka 2019 ripoti ya Richard Carmichael wa chuo cha Imperial College, iliyoandikwa kwa ajili ya kamati inayoishauri serikali ya Uingereza kuhusu tabianchi, ilipendekeza mipango hiyo ipigwe marufuku, ikitaja waziwazi kwamba inawachochea watu kuruka zaidi ili walinde hadhi zao. Pendekezo hilo halikufanywa sheria. Msafiri wa maili alizoea kujitetea kwamba ndege ingeruka hata bila yeye, hoja ambayo ina ukweli kwa ndege moja ya Desemba yenye viti vitupu, lakini inayoporomoka mara inaposemwa na watu wengi kwa pamoja.

Kilichoifikisha desturi hii ukingoni hatimaye kilikuwa hesabu ya mashirika yenyewe. Delta ilitangulia kwa kudai, kuanzia mwaka 2014, kwamba mtafuta hadhi atimize pia kiwango cha fedha alizotumia, kisha mwaka 2015 Delta na United zikaanza kutoa maili za kutumia kwa kufuata bei ya tiketi badala ya umbali, na American ikafanya hivyo mwaka 2016. Kufikia mwaka 2024 Delta haikuhesabu maili kabisa katika kugawa hadhi. Ilipotangaza viwango vipya mwezi Septemba 2023 malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba mkurugenzi wake, Ed Bastian, alikiri kwamba walikuwa wamepita kiasi, na baadhi ya viwango vikateremshwa. British Airways ilijiunga mwezi Aprili 2025, ikitoa pointi moja kwa kila pauni na kudai 20,000 kwa hadhi ya dhahabu. Kwa utaratibu huo yule wa Boston aliyelipa dola 216 anahesabiwa dola zisizozidi 216, apitie Miami au asipitie.

Sababu ya mageuzi hayo ilijulikana kwa kila mtu mwaka 2020, wakati janga la korona lilipozisimamisha ndege na United ikauweka rehani mpango wake wa MileagePlus ili kupata mkopo wa dola bilioni 6.8. Katika nyaraka za mkopo mpango huo ulikadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22, kiasi kilichozidi thamani ya hisa zote za shirika lenyewe sokoni wakati huo. Sehemu kubwa ya mapato ya mpango ilitoka kwa benki, zinazonunua maili kwa jumla na kuzigawa kwa wenye kadi zao. Mwaka 2022 American ilikamilisha safari hiyo kwa kuunganisha hesabu zote za hadhi kuwa pointi za aina moja, ambazo mwanachama anazipata kwa kila dola anayoilipa kwa kadi ya shirika, na mwaka wa hesabu ukasogezwa hadi mwisho wa Februari. Mwenye upungufu wa pointi 7,000 katika wiki za mwisho hana tena haja ya kuamka alfajiri wala kujua umbali wa Miami. Anaweza kulipia bima ya gari, ada ya shule na mboga za mwezi kwa kadi hiyo, na kuipata hadhi bila kupanda ndege, kama alivyofanya yule mhandisi wa vikopo vya pudini.